Seneti ya chuo chetu imegeuka mashine ya kugonga mihuri, na sisi wajumbe tunaitikia tu!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na hasira hazijanishuka.

Makabrasha ya kikao, kurasa 214, yametumwa jana saa 5 usiku. Kikao saa 3 asubuhi. Ukurasa wa 168, umefichwa kati ya ratiba za mitihani, una mistari mitatu: kozi mbili "zinaunganishwa", wanafunzi 400 na ushee wanahamia kwa mhadhiri mmoja. Huyo mmoja ni wa mkataba, analipwa kwa kipindi, hana hata meza. Karatasi za mitihani anasahihishia maktaba. Mwenyekiti akauliza, "Kuna pingamizi?" watu hata ukurasa wa 20 hawajafika. Nikanyoosha mkono. Nikajibiwa hoja yangu "imechukuliwa". Imepelekwa wapi, na nani?

Ikaja ajenda iliyokula saa nzima na dakika arobaini: tupande vipi kwenye orodha za vyuo bora duniani. Mshauri mwelekezi kaletwa, slaidi kibao. Hakuna hata moja iliyogusa anachojifunza mwanafunzi darasani.

Nikawakumbusha yaliyoikuta Columbia ya New York. Ilikuwa ya 2 kwenye orodha ya jarida la U.S. News ya vyuo vya Marekani, mpaka profesa wake mwenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, alipozipitia takwimu za chuo mwaka 2022, zikiwemo za ukubwa wa madarasa, akaonyesha hazisimami. Chuo kikakiri makosa, mwaka huohuo kikaporomoka hadi nafasi ya 18. Nikaambiwa nisilinganishe.

Na msiniletee habari ya ruzuku kupungua, naijua. Fedha zikiwa chache ndiyo mjadala unatakiwa zaidi.

Chuo cha Bologna, Italia, karne ya 13, wanafunzi walimtoza faini mwalimu aliyechelewa kipindi. Sitamani turudi huko (mimi ningeshafilisika), ila mwalimu yule alijua anamjibu nani. Makamu mkuu wetu anajibu kwa baraza la chuo linalokutana mara chache kwa mwaka, nalo linasoma ripoti aliyoiandaa yeye.

Kikao kijacho tutaletewa kumbukumbu tuzithibitishe, na najua zitasema "wajumbe walijadili na kuridhia". Nataka hilo neno "walijadili" lifutwe. Aliyewahi kulifanya hili chuoni kwake aniambie alianzia wapi.