Kunyoa ndevu kwa wembe: maji baridi au maji moto?

Mpangaji wa Umoja

Hamjambo, ndugu zangu. Nimeacha kunyolewa kwa mashine ya umeme, na siku hizi najinyoa nyumbani kwa wembe wa makali mawili, brashi na sabuni ya kunyolea. Kero yangu ni vipele vinavyonitoka shingoni, chini kidogo ya taya, siku moja au mbili baada ya kunyoa. Kinyozi wangu wa zamani alishikilia kwamba maji moto hufungua vitundu vya ngozi na kwamba bila hayo wembe utakwaruza tu. Binamu yangu naye anasema maji moto ndiyo yanayoniharibu ngozi, tena yanaua makali ya wembe, hivyo nitumie maji jinsi yatokavyo mferejini. Hita ya bafuni inakula tokeni za stima, na msimu huu wa Julai maji ya tangi la paani yanauma vidole. Ningependa kujua ni nani kati yao mwenye hoja.

Mzee wa Kinyozi, Ngara

Kijana wangu, hilo la vitundu kufunguka tumelisema sana sisi vinyozi, lakini halina msingi, kwa sababu vitundu vya ngozi havina misuli ya kuvifungua wala kuvifunga. Kinacholainisha ndevu ni maji yenyewe kuingia ndani ya unywele, na hilo huchukua dakika mbili tatu. Maji ya uvuguvugu huharakisha kazi hiyo na pia huyeyusha mafuta ya ngozi yanayozuia maji kupenya, ndiyo maana tunamfunika mteja taulo moto kabla ya kumpaka povu. Mtu anayenawa kwa maji moto kwa sekunde chache kisha akaanza kunyoa hajapata faida yoyote kuliko yule aliyeoga kwa maji baridi na kuacha ndevu zikiwa na unyevu muda wote huo.

Vipele vyako, hata hivyo, sidhani vinaletwa na maji. Ndevu zetu hujisokota, na zikikatwa karibu mno na ngozi hubaki na ncha kali inayojipinda na kurudi ndani, hasa shingoni ambako huota zikielekea pande tofauti. Pitisha vidole shingoni ndevu zikiwa zimeota kidogo, ujue zinakoelekea, kisha ufuate mwelekeo huo huo, bila kuvuta ngozi wala kurudia mahali ambapo povu limekwisha.

Fundi Vyuma

Naongezea kuhusu wembe tu. Maji hayawezi kuharibu ugumu wa chuma cha pua, hata yakiwa yanachemka, kwa kuwa chuma hicho huhitaji joto kubwa zaidi ya hapo ndipo kilegee. Na hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, hayafiki hata 100. Kinachoua makali ni ndevu zenyewe. Mwaka wa 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha kwamba unywele, ingawa ni laini kuliko chuma takriban mara 50, huweza kumegua vipande vidogo sana kwenye ukingo wa wembe.

Baridi Tupu

Mimi natetea maji baridi, na si kwa sababu ya tokeni peke yake. Maji yenye joto kali huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuongeza damu karibu na uso wa ngozi, hivyo mtu mwenye ngozi kavu au nyepesi hutoka bafuni akiwa mwekundu au akiwashwa, ilhali baridi hupunguza hali hiyo na povu halikauki haraka usoni. Ila nakubaliana na Mzee kwamba lazima uzilowanishe ndevu kwanza, na baridi hudai subira zaidi. Huwa napaka sabuni, napiga mswaki, kisha napaka tena ndipo nishike wembe.

Mpangaji wa Umoja

Nashukuru, wazee wangu. Je, nikichemsha maji kidogo kwenye sufuria, nikaloweka taulo dogo la kujifunika usoni, kisha nikanyoa na kusuuza kwa maji baridi, nitakuwa nimekosea popote?

Mzee wa Kinyozi, Ngara

Hujakosea, ila changanya maji hayo na ya baridi kwanza, yawe ya kustahimilika kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuyapeleka usoni. Spiriti iache kabisa kwa sasa, maana shingo yenye vipele inaungua bure. Na vile vilivyokwisha kutoka, usivinyoe juu yake. Acha ndevu ziote hadi ngozi itulie.