Wamefungua diski yangu ya kompyuta penye feni na vumbi, wameiua, na bado wanadai 12,000

Wenzangu wa Nairobi, nimejizuia kuandika nikiwa na hasira. Hasira imekataa kuisha, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kudarizi nembo za sare za shule: sweta, blezi, kofia. Kila nembo ina faili yake. Mashine ya kudarizi haisomi picha, inasoma mshono mmoja mmoja: sindano ianzie wapi, irukie wapi, uzi ubadilishwe lini. Nembo yenye simba na maandishi ya mviringo inaweza kunikalisha kwenye kompyuta kutwa nzima. Faili hizo zilikuwa kwenye diski ya nje ya terabaiti 1. Ikaanguka kutoka mezani, na tangu hapo ukiichomeka inagonga, tik, tik, tik, na kompyuta haiioni. Kabla mtu hajaja kuniuliza habari ya nakala: ninayo, inaishia mwaka jana. Zilizopotea ni za shule mpya ambazo zimeshalipa malipo ya kwanza, na wazazi wanazitaka sweta Januari.

Nikaipeleka duka moja ghorofani, upande wa barabara ya Luthuli. Jina lake silitaji hapa, nitalitaja mahakamani. Mlangoni wameweka bango kwamba data yako inarudi asilimia 100. Kijana wa kaunta akanipokea vizuri: "Mama, hii ni kazi ndogo, kesho jioni unachukua." Nikalipa shilingi 3,000 za uchunguzi, pesa zisizorudishwa.

Nilikuwa nimesimama pale pale alipoichomeka. Windows ikauliza kama irekebishe diski, akabonyeza ndiyo. Kisha akaiacha inagonga, akatoka kupokea simu. Aliporudi nikamuuliza, "Kijana wangu, hiyo sauti haikusumbui?" Akasema ni kawaida.

Si kawaida! Ndani ya diski kama ile kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikishaumia kwa kuanguka, kila dakika unayoipa diski umeme ni dakika ya kukiburuza juu ya lile tabaka jembamba la sumaku ambalo ndilo lenye data. Diski inayogonga inachomolewa papo hapo, hakuna mjadala. Na kile alichokibonyeza ni CHKDSK, ambayo kazi yake ni kunyoosha mfumo wa faili kwa kuandika juu ya diski ile ile iliyo taabani. Haikutengenezwa kuokoa faili za mtu. Fundi anayetoza pesa kwa jina la kuokoa data lazima alijue hilo kabla hajafungua mlango asubuhi.

Nilipoitwa kwenda kuichukua nikaambiwa imeshindikana. Naigeuza, naona stika ya juu imekatwa kwa wembe, skrubu moja haipo, nyingine si yake. Nikauliza mliifungulia wapi. Akanionyesha bila hata kusita: meza ya nyuma, dirisha wazi, feni inazunguka, na chini barabarani mikokoteni na matatu vinatifua vumbi kutwa. Diski kama hii hufunguliwa kwenye chumba ambacho hewa yake inachujwa. Kiwango cha usafi wa hewa kinachotajwa sana kwa kazi hii ni ISO 5: katika mita moja ya ujazo ya hewa, chembe za ukubwa wa nusu maikroni na zaidi zisizidi 3,520. Pale kwenye feni walifanya jambo lililo sawa na kumpasua mtu jicho kwenye steji ya matatu. Wala sikuulizwa. Simu yangu walikuwa nayo, iliandikwa kwenye risiti yao wenyewe.

Halafu wakataka shilingi 12,000 za "kufungua". Tukabishana mpaka mlinzi wa jengo akapanda. Niliondoka na diski yangu bila kuwalipa, na bado wananipigia simu.

Nikampelekea fundi mwingine, mtu mzima, mtaa mwingine kabisa. Huyu hakuichomeka hata mara moja. Aliangalia skrubu, akaniuliza nani ameifungua, akanyamaza. Akanieleza kwamba hatabahatisha, akanielekeza kwa mwenzake mwenye kibanda kidogo cha hewa iliyochujwa. Huko ndiko nilikoonyeshwa sahani chini ya taa: mkwaruzo wa duara umezunguka kote, na ukingoni alama ya kidole. Alama ya kidole cha mtu, ndani ya diski! Tabaka likishakwanguliwa limekuwa unga, na hakuna programu duniani ya kusoma unga. Hakunitoza hata senti. Akaniambia kwamba diski iliyoanguka na kuanza kugonga, isipochezewa, mara nyingi bado ina nafasi: vichwa vinabadilishwa kwa kutolewa kwenye diski nyingine ya modeli ile ile, kisha inanakiliwa sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, na faili zinatafutwa kwenye hiyo nakala. Nafasi hiyo nilikuwa nayo siku naingia lile duka la kwanza.

Kuna la pili, na hili linanikera karibu sawa na la diski. Nikiwa nasubiri kaunta ile, skrini yao ilikuwa wazi na picha za mteja mwingine, pamoja na kitambulisho chake kilichopigwa skani. Kila aliyepita aliona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na tuna Ofisi ya Kamishna wa Data, na malalamiko yangu kuhusu hilo yanakwenda huko.

Najua humu wataingia watu wa kusema "tumia tu programu ya bure". Tafadhali msiwapoteze wenzenu. Ukifuta faili kwenye diski nzima isiyo na hitilafu, rekodi yake huwekwa alama kwamba nafasi iko huru, na data yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hapo programu za TestDisk na PhotoRec za Mfaransa Christophe Grenier zinafaa, ni za bure, ila uziendeshe kutoka diski nyingine na faili zinazopatikana uziweke kwingine. Diski inayosomeka kwa shida, yenye sekta mbovu, hunakiliwa kwanza kwa programu ya GNU ddrescue, inayochukua sehemu zisizo na hitilafu na kuzirudia mbovu baadaye. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ni habari nyingine: TRIM, amri inayoiambia diski kwamba nafasi ya faili zilizofutwa haihitajiki tena, ikiwa imewashwa, ulichofuta kinaweza kuwa kimekwenda kabisa. Lakini diski inayogonga haina programu. Anayekuambia ana programu ya kuitibu anakuibia.

Na kwa wale walioniandikia faraghani kwamba nisahau, "ndivyo maduka yalivyo": sisahau. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazozihitaji, na haki ya kufidiwa hasara. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Nina risiti yao, nina picha za skrubu, nina picha ya ile alama ya kidole, na fundi wa pili amekubali kuandika alichokiona.

Ninachotaka kwenu ni viwili. Kama diski yako imefunguliwa katika duka la ghorofani upande huo bila kuulizwa, niandikie faraghani na unitumie risiti. Tukiwa wengi hawataniambia kwamba "ilikuja hivyo". Na kama unajua mahali Nairobi penye chumba cha hewa iliyochujwa, umeingia ukakiona kwa macho yako, pataje hapa wazi. Bango la mlangoni msinitajie.