Geji ya mafuta na ya joto zinapanda pamoja: Series III ya 1976

SeriesMlimani
Wadau, habari za jioni. Gari ni Land Rover Series III ya petroli, injini 2.25, hasi kwa bodi (hasi ya betri imeungwa na bodi ya gari), altaneta bado ni 16ACR ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari. Nikiwasha swichi, geji ya mafuta inapanda polepole mpaka inapita F hata tangi likiwa nusu. Ya joto inaingia kwenye nyekundu baada ya dakika chache, ilhali rejeta haichemki na paipu ya juu ina joto la kawaida. Juu ya hayo, taa kubwa zinatoa mwanga wa rangi ya chungwa. Nyuma ya dashibodi kuna waya nyekundu nyingi zilizoongezwa zamani bila mpango. Ushauri niliopewa gereji ni kung'oa geji zote mbili na kubadilisha nyaya za gari zima. Nianze kupima wapi kabla ya kutoa pesa?

waya_kahawia
Usinunue geji. Geji mbili haziharibiki siku moja, kwa namna moja, zikaelekea upande mmoja. Zikikosea pamoja, tafuta kile zinachotumia pamoja, nacho ni stabilaiza: kile kikopo kidogo cha bati nyuma ya paneli, chenye alama B upande umeme unapoingia na I upande unaotoka kwenda kwenye geji.

Kazi yake ni kuzipa geji wastani wa volti 10, betri iwe na 12 au altaneta iwe inatoa 14. Ndani mna kipande cha metali mbili kilichozungushiwa waya mwembamba unaopata moto. Kikipata joto kinajikunja na kukata umeme, kikipoa kinarudi, na mchezo unaendelea hivyo. Sasa sikiliza: ule waya wa moto hurudi hasi kupitia bodi ya kikopo chenyewe. Kikopo kikikosa bodi, hakuna kinachopata joto, mguso haufunguki, na geji zinakula volti zote za betri. Ndiyo dalili yako hasa, zote mbili juu, taratibu.

Pima hivi. Toa kwanza kichwa cha hasi cha betri, kwa sababu nyuma ya paneli ile kuna waya wa kahawia usio na fyuzi yoyote, na spana ikiteleza tu unayeyusha fungu zima la nyaya. Legeza kebo ya spidi ili paneli ije mbele, kisha rudisha betri na uwashe swichi. Weka taa ya kupimia kati ya I na bodi: ikimwekamweka, stabilaiza inafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja hata baada ya dakika mbili, chukua kipande cha waya, gusisha kikopo na hasi ya betri yenyewe. Ikianza kumwekamweka, umepata ugonjwa, na dawa yake ni waya mmoja mweusi. Multimita ya dijiti inachanganya hapa kwa sababu tarakimu zitakuwa zinarukaruka. Taa inasema wazi zaidi.

Hata kikiwa na bodi nzuri kisipokata, kimekufa. Na ukiweka kipya cha aina ileile ya zamani, B iangalie juu. Kikilazwa, hesabu yake ya joto inapotea.

Mitambo_Ngara
Naafiki, ila mimi nisingeweka cha zamani tena. Nenda Luthuli Avenue, Nairobi, uulize regyuleta ya 7810 (kifaa kidogo cha elektroniki kinachoshikilia volti 10), kapasita ya 0.33 µF na nyingine ya 0.1 µF. Ukiitazama kwa mbele, miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni kuingia (B), wa kati ni hasi, wa kulia ni kutoka (I). Kapasita kubwa iende kati ya kuingia na hasi, ndogo kati ya kutoka na hasi, zote karibu na miguu. Lile bati lake la mgongoni limeungana na hasi, kwa hiyo unaweza kulifunga moja kwa moja kwenye metali ya paneli na likapoa hapohapo. Geji mbili zinakula takriban ampea 0.2 zikiwa juu kabisa, kwa hiyo joto lake halifiki hata wati 1.

Tahadhari mbili. Hii ni kwa gari la hasi kwa bodi tu. Wenye Series II za mapema zilizo chanya kwa bodi wasiiguse. Pili, 7810 inataka kama volti 2 zaidi ya inachotoa. Betri ikiwa imechoka na injini imezimwa, geji zitasoma chini kidogo. Injini ikiwaka na kufika 13.8 zinakaa sawa.

Kabla ya yote hayo pima geji zenyewe, ujue unajenga juu ya nini. Chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi kwenye sensa ya tangi, uunge rezista kutoka kwa waya huo hadi bodi. Ohmu 33 inapaswa kukupa karibu na F, 68 katikati hivi, 220 karibu na E. Tumia za wati 2, na subiri nusu dakika kila mara kwa kuwa sindano za aina hii ni za joto, hazina haraka. Usifanye ule mtindo wa kugusisha waya wa sensa moja kwa moja kwenye bodi na kuacha hapo. Sindano inakimbia hadi mwisho, na waya wa ndani ya geji unaweza kuungua, hasa kwako ambapo stabilaiza inaachia volti zote.

Ukiwa umeshafika kwenye tangi, pima pia kati ya bodi ya sensa na chasi. Kutu chini ya skrubu zile huongeza ohmu, na geji husoma chini ya ukweli. Yaani unaweza kurekebisha stabilaiza leo, kesho ukaona mafuta yamekuwa machache kuliko yaliyomo. Ndipo utajua makosa mawili yalikuwa yanafichana.

dynamo76
Nisogee kwenye taa, maana naona zimesahaulika. Kubadilisha nyaya zote ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Pima upotevu wa volti ukiwa umewasha full: kidole chekundu cha multimita kwenye chanya ya betri, cheusi kwenye mguu wa chanya wa balbu. Kisha hasi ya betri na mguu wa hasi wa balbu. Upande wowote ukizidi 0.5 kuna kidonda. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30, ndiyo maana taa inageuka chungwa wakati betri iko sawa.

Kwa Land Rover mara nyingi ni upande wa hasi. Bodi ni alumini, chasi na skrubu ni chuma. Vikikutana na unyevu alumini inaliwa na kubaki unga mweupe ambao haupitishi umeme vizuri. Usikaze skrubu ileile. Fungua, kwangua hadi metali ing'ae, paka grisi, na uvute waya mweusi wa mm² 3 kutoka kwenye makopo ya taa hadi chasi. Angalia pia mkanda wa umeme (wa hasi) kutoka injini kwenda chasi. Ukiwa mbovu, starta inatafuta hasi kupitia kebo ya choki, nayo inapata moto.

Upande wa chanya, balbu mbili za wati 60 ni ampea 10, zote zinapita kwenye swichi ya usukani ya miaka hamsini. Weka relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme kidogo ili zipitishe mwingi), moja ya full na moja ya dim. Kwenye miguu ya relei, 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu na betri yenyewe, 87 inakwenda kwenye balbu, 85 bodi, na 86 inapokea waya wa zamani: buluu-nyeupe kwa full, buluu-nyekundu kwa dim. Swichi inabaki kubeba sehemu ndogo ya ampea moja.

waya_kahawia
Kuhusu zile waya nyekundu: kwa Lucas nyekundu ni taa ndogo tu, kwa hiyo mwenye kuziweka alikuwa anatumia alichokuwa nacho mkononi. Zifuate moja moja na uzibandike majina. Kahawia ni betri bila fyuzi, nyeupe ni swichi bila fyuzi, kijani ni swichi na fyuzi, zambarau ni fyuzi bila swichi, kijani hafifu ni baada ya stabilaiza, kijani-buluu ni sensa ya joto. Waya huo wa mwisho ukikatika, geji inasoma baridi. Ukichubuka na kugusa injini, inaruka hadi nyekundu. Utauangalia iwapo geji ya joto peke yake itabaki juu.

Na fyuzi. Ile ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwa 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni 17. Fyuzi za kisasa za bapa huandikwa mzigo wa kudumu. Ukihamia za bapa weka 15 au 20. Ukiweka 35, waya utaungua kabla ya fyuzi.

SeriesMlimani
Asanteni. Nimepima. Taa ya kupimia kwenye I iliwaka bila kukata. Nilipogusisha kikopo na hasi ya betri ikaanza kumwekamweka, na geji ya joto ikashuka hadi katikati. Ya mafuta imeshuka pia, lakini sasa inasoma robo, na tangi ni nusu. Taa: chanya inapoteza 0.7, hasi inapoteza 1.1.

Mitambo_Ngara
Robo kwa nusu ni bodi ya sensa, lile kosa la pili. Vuta waya mweusi kutoka kwenye skrubu ya sensa hadi chasi kabla ya kuing'oa. Kama haitapanda, toa betri, lipeleke gari nje penye hewa, itoe sensa, na upime ohmu ukisogeza kielea polepole. Namba zikiruka au kupotea katikati, njia yake imelika. Weka gasketi mpya unapoirudisha, ile ya zamani haizibi mara ya pili.

dynamo76
Hiyo 1.1 ya hasi ishughulikie kwanza, kisha pima tena chanya kabla ya kununua relei. Taa zikipata hasi nzuri zitavuta ampea zaidi, na hiyo 0.7 itapanda.