Ndege ya nyaya imepiga pua chini, nianzie wapi?

Ni ndege ndogo ya mfano, naiongoza kwa nyaya nilizoshika mkononi. Jana nikiirusha ikiwa kichwa chini nilisahau nikapandisha mkono kama kawaida, kumbe hapo inashuka. Puu! Bawa la kushoto limepasuka, ubao wa injini umelegea na umelowa mafuta. Gundi gani itashika?

— Kwenye mafuta haishiki yoyote. Futa kwa asetoni, rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Kisha epoksi inayokauka polepole, siyo ile ya dakika 5.

— Na usizungushe injini kabla hujaifungua! Mimi nilijaribu "kidogo tu", mchanga ukakwaruza silinda.

— Waya uliojikunja tupa, usiunyooshe. Halafu chungulia ndani ya bawa, uangalie wenzo unaopeleka mvuto wa nyaya mkiani. Wangu uling'oka skrubu, kwa nje huoni kitu.

— Nimechungulia. Skrubu imelegea kweli, jamani.