Baiolojia, mikrobaiolojia au afya ya umma: ipi kwa anayelenga kazi za afya ya dunia?

Nuru_K: Wakuu, nalinganisha shahada tatu: baiolojia ya jumla, mikrobaiolojia na afya ya umma. Lengo ni kudhibiti magonjwa ya kuambukiza, si udaktari. Ipi inampa mtu nafasi pana zaidi wakati wa kuomba uzamili?

Darubini: Baiolojia ya jumla, ila kozi za hiari zisichukuliwe kiholela. Uzuri wake ni kwamba mbu, kimelea na mwili wa binadamu vyote unavisoma chini ya paa moja. Malaria haieleweki kwa kumjua kimelea chake, Plasmodium, peke yake. Sharti umjue na Anopheles, mbu anayemsambaza, anazaliana wapi na anauma saa ngapi. Mwaka wa kwanza maliza kemia na jenetiki. Wa pili weka parasitolojia, kinga ya mwili na takwimu. Wa tatu, epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii) na elimu ya wadudu. Bila mpangilio huo unahitimu ukijua mimea kidogo, wanyama kidogo, na mikono haijui kazi.

Maabara_Kwanza: Kwenye mikono ndipo mikrobaiolojia inapowapita wenzake. Tazama slaidi ya malaria tu, yaani kioo chenye damu ya kupimwa kwa darubini. Rangi ya Giemsa, inayofanya vimelea vionekane, ikiwa ya asilimia 10 hukaa takribani dakika 10. Ya asilimia 3 takribani dakika 45. Maji ya kuichanganyia yawe na pH 7.2. Ikishuka, madoa ya Schüffner (vidoa ndani ya chembe nyekundu iliyoambukizwa) hufifia, na hapo Plasmodium vivax, aina mojawapo ya kimelea, anapita bila kutambuliwa vizuri. Tone jembamba la damu hukazwa kwenye kioo kwa methanoli, tone nene kamwe: ukilikaza, chembe nyekundu hazipasuki na vimelea hubaki vimefichika. Ujuzi huu hauji kwa kusoma kitabu. Kabla ya kuchagua chuo, uliza wanafunzi wanakaa maabara saa ngapi kwa wiki, na wangapi wanagawana darubini moja.

Takwimu_Hai: Slaidi ni muhimu, ndugu yangu, lakini nani atakayesoma maana ya majibu? Kipimo kina unyeti wa asilimia 95 (kinapata wagonjwa 95 kati ya 100) na umaalumu wa asilimia 95 (kinawapa jibu hasi wazima 95 kati ya 100). Pima watu 10,000 mahali ambapo asilimia 1 wanaumwa. Wagonjwa ni 100, kipimo kinawapata 95. Wazima ni 9,900, na 495 kati yao wanapewa jibu chanya la uongo. Majibu chanya 590, ya kweli asilimia 16 tu! Afya ya umma hufundisha hesabu hii mapema.

Na ukubwa wa sampuli pia. Kukadiria kiwango cha asilimia 50, kwa kosa la pointi 5 na uhakika wa asilimia 95, unahitaji watu takribani 384. Ukichagua vijiji kwanza ndipo kaya, watu wa kijiji kimoja wanafanana, kwa hiyo idadi huongezwa, mara nyingi kwa kuzidisha na 2: 768, kabla hujafidia watakaokataa. Wanaoruka hatua hiyo hupata matokeo yanayoonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Maabara_Kwanza: Sawa, lakini shahada nyingi za afya ya umma zina kemia kidogo sana. Akitaka uzamili wa maabara baadaye, atarudishwa nyuma.

Nuru_K: Je, baiolojia na takwimu kama somo la pili?

Darubini: Hiyo ndiyo ningeitetea mbele ya zote tatu. Chukua takwimu za awali, regresheni (kupima uhusiano kati ya vigezo), na mafunzo ya R, programu ya kompyuta ya takwimu. Tasnifu nayo itumie data halisi yenye mapengo, kwa sababu data safi ya darasani haifundishi kushughulikia majibu yaliyokosekana.

Takwimu_Hai: Ongeza kalkulasi na aljebra ya mstari ikiwa unafikiria uzamili wa takwimu za kibaiolojia, wengi hukwama hapo. Soma masharti ya uzamili unaoutaka kabla hujasajili kozi za mwaka wa pili. Takwimu za awali zikiachwa mwaka huo, regresheni inasogea hadi wa tatu na kugongana na tasnifu.