Angkor na vijiji vya ziwa Tonle Sap: niende Aprili au nisubiri Novemba?

Mama Kirumba
Wakuu, habari za leo. Huwa naenda Guangzhou kufuata mzigo mara mbili kwa mwaka, Aprili na mwishoni mwa Oktoba. Safari hii nikishafunga mzigo nataka nipitie Kambodia siku nne, mji wa Siem Reap, nione mahekalu ya Angkor na vile vijiji vinavyoelea ziwani. Mimi mtoto wa mvuvi, nimekulia Mwanza, kwa hiyo hilo ziwa ndilo linalonivuta hasa. Niende Aprili au nisubiri Novemba? Tiketi ya siku moja ya kuingia mahekaluni inatosha? Na ni kweli huko ziwani watu wanapigwa hela? Tafadhali mtu asiniulize kwa nini nisiende Zanzibar.

Mzee wa Begi
Kwa nini usiende Zanzibar? Natania dada.

Novemba, usijiulize mara mbili. Mto Tonle Sap unatoka ziwani kwenda kukutana na mto mkubwa wa Mekong pale Phnom Penh, mji mkuu wao. Mvua zikikolea, kuanzia Juni hivi, Mekong inafurika hadi inausukuma ule mto urudi ulikotoka, maji yanaingia ziwani badala ya kutoka. Ziwa lenye kilometa za mraba kama 2,500 wakati wa kiangazi linafura kupita 10,000. Kina cha mita moja kinakuwa mita nane, tisa. Misitu inazama, samaki wanakwenda kuzaliana humo kwenye miti. Maji yakigeuka tena kushuka, mara nyingi Novemba, wanasherehekea kwa mashindano ya mitumbwi.

Mimi nilikwenda Aprili. Boti ilikuwa inakwangua tope, na joto lile hata mtu wa Dar analalamika.

Kigongo Feri
Nyongeza kidogo. Vijiji vingi vinavyoitwa "vinavyoelea" havielei. Kampong Phluk na Kompong Khleang nyumba zake nyingi zimesimama juu ya nguzo ndefu. Kiangazi unazitazama toka chini kama minazi. Zinazoelea kweli ziko Chong Kneas na Prek Toal: nyumba, duka, hata mabanda ya nguruwe, vyote juu ya maji, na ziwa likisogea wanavuta nyumba wanalifuata. Kwa mtoto wa mvuvi ningesema Kompong Khleang. Ni mbali, kama kilometa 50 toka mjini, ila watu wako kwenye shughuli zao za samaki, hawakusubiri wewe.

Kuhusu kupigwa: mimi nimepigwa. Kijiji sikitaji. Boti ilitia nanga dukani, nikaambiwa ninunue gunia la mchele kwa ajili ya watoto yatima. Bei mara mbili ya sokoni! Nikanunua. Tunaondoka, nageuka, naona gunia linarudishwa rafuni. Ukitaka kusaidia, kula chakula pale kwa mama ntilie wao.

Chapati Moto
Tiketi: siku 1 dola 37, siku 3 dola 62, siku 7 dola 72. Chukua ya siku 3, si lazima zifuatane, una siku 10 za kuzitumia. Kwa hiyo siku ya ziwa iweke katikati upumzishe miguu.

Angkor Wat, lile hekalu kuu, imeelekea magharibi, asubuhi jua linachomoza nyuma yake, na dunia nzima iko pale na simu juu. Mimi ningeenda hekalu la Ta Prohm mapema, kule mizizi ya miti imekumbatia kuta, kabla ya mabasi. Halafu Bayon, zile sura kubwa za mawe zinatabasamu kila upande. Banteay Srei usiache: ya mwaka 967, ndogo, mawe ya rangi ya waridi, nakshi zake utafikiri mlango wa Lamu.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe. Kupanda mnara wa juu wa Angkor Wat, khanga ya kutupia begani hawaikubali. Mwenzangu alirudishwa ngazini.

Mama Kirumba
Jamani asanteni. Hilo la gunia limeniuma kama ni langu. Viza na hela je?

Mzee wa Begi
Viza omba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao, za kuiga ni nyingi na zinatoza zaidi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dola zinatumika kila mahali, chenji ndogo wanakupa kwa riel, hela yao, ila noti iliyochanika hata kidogo hawaigusi. Uwanja mpya wa ndege, uliofunguliwa 2023, uko zaidi ya kilometa 40 toka mjini, panga usafiri mapema.

Mama Kirumba
Basi Novemba, Kompong Khleang, tiketi ya siku 3. Swali la mwisho: samaki wao wanampikaje?

Kigongo Feri
Wa nazi! Anapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, wanamwita amok. Ila ugali hakuna dada, utamla na wali.