Ushauri: Kompyuta mpakato saba hazionyeshi diski ninapoweka imeji ya Windows

MwalimuMasasi
Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule moja ya sekondari hapa Masasi, na ninaomba ushauri wenu kabla sijafanya uamuzi utakaoigharimu shule. Tumepokea kompyuta 18 zilizokwisha kutumika, yaani 11 za mezani na 7 mpakato, zote zikiwa hazina mfumo wowote. Niliandaa moja ya mezani, nikaiwekea Windows pamoja na programu za wanafunzi, nikachukua imeji yake (nakala kamili ya diski), na sasa ninaiweka kwenye nyingine kwa kutumia flashi inayowaka kwa Windows PE (Windows ndogo ya kuandalia mashine). Za mezani zote zimekubali. Mpakato zote zimekwama mahali pamoja: nikifungua diskpart, programu ya kusimamia diski, na kuandika list disk, kinachoorodheshwa ni flashi peke yake. Aliyetuuzia yuko Dar es Salaam na anasema nizirudishe, lakini gharama ya kusafirisha mzigo kwenda na kurudi ni kubwa, na kidato cha nne hawana muda wa kusubiri. Je, diski saba zinaweza kufa kwa pamoja?

Mnachingwea
Pole sana, mwalimu. Kwa mashine zilizokwisha kutumika, mimi ningeamini kwamba diski ni mbovu. Zirudishe mapema, kabla muda wa dhamana haujaisha.

FundiShangani
Mwalimu, pole kwa kazi. Kwa heshima ya ndugu aliyenitangulia, ninakuomba usizirudishe kwanza. Imeji yako haihusiki hapa, kwa sababu hujafika hatua ya kuiweka. Na diskpart huorodhesha zile diski tu ambazo Windows PE ina draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) ya kuzifikia, kwa hiyo diski nzima kabisa inaweza isionekane. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows) ya kila mpakato, moja baada ya nyingine, utuambie kama jina na ukubwa wa diski vinaonekana, na prosesa ni ya kizazi kipi.

MwalimuMasasi
Ahsante, fundi. Nimezipitia zote. Sita zinaonyesha diski ya NVMe (aina ya diski ya kasi) ya GB 256. Ya saba haionyeshi chochote. Zote ni Intel Core i5 ya kizazi cha 11.

FundiShangani
Basi una matatizo mawili tofauti, na ni vizuri usiyachanganye. Tuanze na zile sita.

Katika prosesa nyingi za Intel za kuanzia kizazi cha 11, diski ya NVMe inaweza kuwekwa nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD, na watengenezaji wengi huziuza mashine hizo kikiwa kimewashwa. BIOS inaiona diski, lakini Windows PE ya kawaida haina draiva ya kidhibiti hicho, ndiyo maana inapita kana kwamba hakuna kitu. Za mezani zilikubali kwa kuwa zinatumia AHCI, njia ya kawaida ya mashine kuwasiliana na diski, ambayo draiva yake imo ndani ya Windows PE tangu mwanzo.

Njia ya kwanza ni kuzima VMD kwenye BIOS. Katika baadhi ya mashine utakuta imeandikwa kama kuhama kutoka RAID kwenda AHCI. Njia ya pili ni kupakua draiva ya Intel RST, ambayo ndiyo ya kidhibiti hicho, faili dogo ambalo hata bando la simu linalitosha, ukalifungua hadi upate faili la iaStorVD.inf, ukaliweka kwenye flashi pamoja na mafaili mengine ya folda yake, kisha ukiwa ndani ya Windows PE uandike drvload na kufuatiwa na njia ya faili hilo. Ukirudia list disk, diski itajitokeza. Ukichagua njia hii, draiva hiyohiyo lazima uiingize pia kwenye Windows uliyoiweka, kwa amri ya dism yenye /Add-Driver, kabla hujaiwasha upya mashine. Wengi husahau hatua hii, kisha hukutana na skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na kudhani kuwa imeji imeharibika.

KilwaMasoko
Ninaongeza tahadhari moja kwa wengine watakaosoma hapa. Njia ya kuzima VMD ni salama kwa mwalimu kwa sababu mashine zake ni tupu. Mimi niliwahi kubadilisha mpangilio huo kwenye mpakato ya ofisi yenye Windows na kazi za watu, ikakataa kuwaka, na kwa kuwa ilikuwa na BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski) ikadai ufunguo wa kurejesha ambao hakuna aliyekuwa ameuhifadhi. Niliporudisha mpangilio wa awali ndipo ikawaka. Siku ile nilihangaika sana.

MwalimuMasasi
Ndugu zangu, ninawashukuru kwa dhati. Nimezima VMD kwenye zile sita, diski zikaonekana papo hapo, nikazigawa kwa mpangilio wa GPT na kuweka imeji, na zote zinawaka vizuri. Ya saba nimeifungua mgongo: diski imo na imekaa vizuri, ila meno yake ya dhahabu yana mapengo mawili, wakati ya mashine jirani ina pengo moja.

FundiShangani
Hapo ndipo penye jibu. Diski ya M.2 (umbo hilo la kibao chembamba) yenye mapengo mawili kwa kawaida ni ya SATA, muunganisho wa zamani kuliko NVMe, na sloti nyingi za mpakato mpya hupokea NVMe peke yake, hivyo inaingia bila shida lakini haisomwi. Inaelekea mtu aliibadilisha kabla haijakufikia. Ili kuhakikisha, chomoa diski ya mashine jirani uiweke humo. Ikionekana kwenye BIOS, sloti ni nzima.

MwalimuMasasi
Nimefanya hivyo sasa hivi, nayo imeonekana. Nitamwomba muuzaji atume diski moja ya NVMe kwa basi badala ya mimi kumrudishia mashine saba, na ile ya SATA nitaiweka kwenye kasha la USB kwa ajili ya kuhifadhia imeji.